Gari la Mzee Ndimu Limejaa Chaji

“Baba, uko wapi?”

“Niko njiani, mwanangu.”

“Njiani kwenda wapi?”

“Kwenda kuchaji gari.”

Simu ilikuwa kwenye spika za gari. Sauti ya binti yake ilitoka ng’ambo, lakini ilijaa mle garini kana kwamba mwenyewe amekaa kiti cha nyuma, kakunja mikono.

“Baba, gari lina asilimia tisini na moja.”

Mzee Ndimu akapunguza mwendo.

“Umejuaje?”

“Ninaliona hapa kwenye simu yangu. Naona betri, naona milango, naona kiyoyozi umekiwasha mpaka mwisho na madirisha yote manne umeyashusha. Baba, unapoza barabara?”

“Joto limezidi.”

“Na kiti? Kiti nacho umekiwasha kipate moto. Joto gani hilo linalotaka makalio yapashwe?”

“Mgongo, mwanangu. Mgongo unanisumbua.”

“Na huo mzunguko wa sokoni? Tangu nianze kunywa chai unauzunguka tu. Chai imeisha, nimeosha kikombe, wewe bado unazunguka.”

“Natafuta maegesho.”

“Katikati ya mzunguko?”

“Mwanangu, kuna trafiki hapa, tutaongea.”

Akakata. Trafiki hakuwepo. Kulikuwa na mama mmoja muuza karanga aliyekwisha kulizoea lile gari, na kila likipita alikuwa analipungia mkono.

Mzee Ndimu akatazama kioo cha chaji. Tisini. Akashusha pumzi. Likifika themanini na kitu angalau mtu anaweza kugonga mlango wa watu akasema chaji imepungua, na uso usimuungue.

Jina alilopewa na wazazi wake mtaa ulishalisahau. Walimwita Mzee Ndimu kwa sababu tangu afiwe na mkewe, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeng’ata ndimu akakosa pa kuitemea. Kazi yake makochi. Ukimpelekea kochi lililobonyea atalivua kitambaa, atabadilisha sponji na springi, atakurudishia kitu kipya pamoja na hotuba. Hotuba yenyewe ni ile ile moja: wakubwa. Barabara mbovu, wakubwa. Maji hayatoki, wakubwa. Kuku wa jirani haatamii, ukimwachia nafasi atakuonyesha mkubwa aliyehusika.

Na sababu anayo. Siku mkewe alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwepo pale zahanati, limeoshwa, lina mafuta, limeegeshwa kivulini. Ila ufunguo alikuwa nao mkubwa, na mkubwa alikuwa semina. Semina ya kuwajali wagonjwa. Ufunguo ulipofika, mama wa watu hakuwa tena mgonjwa wa kuwahishwa popote.

Binti yao, mtoto wa pekee, ni muuguzi huko ng’ambo. Alidunduliza mpaka akanunua gari la umeme, akalituma nyumbani, na siku ya kumkabidhi baba yake alimwambia maneno machache tu:

“Baba, hutasubiri tena ufunguo wa mtu.”

Kweli, halikuwa na ufunguo. Simu ndiyo ufunguo. Mzee akilisogelea na simu mfukoni, mlango unafunguka wenyewe kama mke aliyesikia hatua za mumewe. Ila gari lilisajiliwa kwa jina la binti, kwa hiyo simu ya binti ndiyo iliyokuwa mama wa simu zote. Kutoka huko huko aliweza kulifunga, kulifungua, kupiga honi, kuwasha taa, kulipoza baba asiingie kwenye tanuri, na kuona liko wapi na lina chaji kiasi gani. Kila siku kabla ya kuingia wodini alikuwa analipima kama anavyowapima wagonjwa wake. Gari likiwa salama, alijua na baba ni salama.

Hakujua habari za dobi.

*

Mzee alikuwa na soketi yake kwenye karakana. Anachomeka akiacha kazi, gari linakunywa polepole, asubuhi limeshiba. Angeendelea hivyo maisha yake yote kama siku moja asingepeleka seti ya makochi mbali, akarudi betri inalia. Kituo cha kuchajia kilikuwepo mjini. Wakubwa walikuja wakakata utepe, wakapigwa picha wameshika waya, wakapanda magari yao ya dizeli wakaondoka. Tangu hapo kituo hakijachaji hata tochi.

Gari likamzimikia mbele ya duka la dobi. Mle ndani mama mmoja wa makamo, kilemba kichwani, alikuwa anapiga pasi shuka kwa nguvu kama anaidai.

“Habari za kazi, bibie.”

“Nzuri. Umeleta nguo?”

“Nimeleta gari.”

“Mimi sifui magari.”

“Linataka umeme.”

“Na mimi nataka jua nikianika. Kila mtu na shida zake.”

Lakini aliinuka. Akaupitisha waya dirishani, akazima pasi moja kati ya mbili ili umeme usikatike wote, akamsogezea mzee stuli. Na mzee, kwa shukrani, akamshushia hotuba yote ya wakubwa kuanzia kituo cha kuchajia mpaka wanaopanga bei ya nyuzi. Dobi akapiga pasi shuka, foronya na mashati ya bendi nzima, hasemi kitu. Mzee aliponyamaza kuvuta pumzi, akamtazama.

“Umemaliza wakubwa?”

“Kwa leo.”

“Haya. Sasa nieleze habari zako wewe.”

Mzee Ndimu akaisogeza stuli karibu na meza ya pasi. Tangu azike, watu walimuuliza kochi litakuwa tayari lini. Hilo la yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi kutoka siku hiyo gari likawa na njaa isiyokwisha.

“Fundi, jana si ulichaji?” Dobi alimuuliza leo, waya ukiwa tayari mkononi.

“Magari haya hayana shukrani, bibie. Ukiligeuzia mgongo tu limemaliza.”

“Pole.”

“Betri inazeeka.”

“Betri au mwenyewe?”

“Mwenyewe bado yumo.”

“Aliyekuambia nani?” Dobi akamwangalia shati. “Mbona leo umevaa shati halijapigwa pasi? Unakuja kwa dobi na mikunjo kama karatasi ya kufungia vitumbua.”

“Sina wa kunipigia.”

“Lete.”

“Nibaki kifua wazi?”

“Nimeona vifua, fundi. Hicho chako hakitanizimisha.”

Mzee Ndimu akacheka. Alicheka mpaka akajishangaa, akageuka nyuma kuona kama kuna mtu kamsikia.

*

Ng’ambo, binti hakuwa anacheka.

Wodi aliyopangiwa ni ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Alikuwa ameshawaona wa kila aina, na ndugu zao wakiulizwa dalili ya kwanza ilikuwa ipi, wengi walisema jambo lile lile: alianza kuzunguka. Anatoka nyumbani, anazunguka, hajui aendako, ukimuuliza anatunga uongo. Binti akatazama ramani kwenye simu. Kile kidude cha buluu, gari la baba, kilikuwa kinazunguka soko kama nzi juu ya kikombe.

Akamwandikia shangazi yake, dada wa mzee:

“Shangazi, shikamoo. Naomba uende ukamwangalie baba. Usimwambie kitu. Muulize maswali madogo madogo, siku, tarehe, majina ya watu. Halafu unipe majibu. Naogopa.”

Shangazi mtu alikuwa hatumwi mara mbili. Kabla chai haijapoa alikuwa yuko karakana, mkoba kwapani, anamchungulia kaka yake kama anayekagua tikiti maji.

“Kaka, leo siku gani?”

“Huna kalenda kwako?”

“Jibu tu. Leo siku gani?”

“Alhamisi. Kwani vipi?”

“Na mimi ni nani?”

Mzee akatoa misumari mdomoni.

“Wewe ni yule aliyevunja kibuyu cha mama akasema ni mimi, nikachapwa.”

“Eh, hilo unalikumbuka!”

“Nitakufa nalo.”

“Na hilo shati, nani kalipiga pasi?”

Hapo mzee akababaika. Mkono ukaenda kwenye kola, macho yakaenda darini. Halafu, bila sababu yoyote aliyoiona shangazi, akatabasamu. Akaanza na kuimba chini chini, huku anagonga misumari kwa mapigo ya wimbo.

Shangazi akarudi nyuma hatua kwa hatua. Alipofika barabarani akapiga simu.

“Mwanangu, kaa kitako.”

“Nimekaa, shangazi. Amesahau tarehe?”

“Tarehe anaijua. Majina anayajua. Mpaka kibuyu anakikumbuka.”

“Sasa?”

“Anacheka.”

“Baba?”

“Peke yake! Na kuimba anaimba. Hakuwataja wakubwa hata mara moja, na mimi nimekaa pale muda mzuri tu. Mwanangu, huyo si kaka yangu. Kuna kitu kimemwingia kichwani.”

Binti akaishika simu kwa mikono miwili. Dalili zote zilikuwa zimekamilika.

*

Wiki iliyofuata petroli ikaadimika mji mzima. Wakubwa walisema ipo, ila waliosema hivyo hawakuonekana kwenye foleni. Asubuhi ya Jumamosi simu ya Mzee Ndimu ikaita, na jina lililotokea lilimfanya aangushe mkasi. Dobi hakuwahi kumpigia.

“Fundi, nisaidie. Nimekwama.”

“Sema.”

“Nina gauni la bibi harusi hapa. Nimelifua kwa mkono, nimelipiga pasi kutwa nzima jana, lina mkia kutoka hapa mpaka sokoni. Saa sita anatakiwa awe amelivaa. Yule kijana wa pikipiki hana mafuta, teksi hakuna. Nisipolifikisha, fundi, jina langu limekwisha mji huu. Nani ataniletea tena nguo ya sherehe?”

“Nakuja sasa hivi!”

“Gari lina chaji lakini?”

“Limejaa pomoni!” Mzee akasema kwa fahari. Halafu akajiuma ulimi.

“Limejaa?” Dobi akauliza taratibu. “Si jana jioni uliniambia hata likichajiwa, asubuhi linakata roho?”

“Limepata nafuu.”

“Mungu mkubwa. Njoo.”

Walililaza gauni kiti cha nyuma kama mgonjwa, juu yake shuka safi. Dobi akakaa mbele, pochi mapajani, kilemba kipya. Mzee akaendesha kwa adabu. Walipofika mzunguko wa sokoni wakakuta askari wa barabarani amefunga njia zote za kutokea.

“Zunguka mzee, zunguka! Msafara wa mkubwa unapita!”

“Mkubwa gani?”

“Zunguka!”

Wakazunguka. Wakazunguka tena. Muuza karanga akawapungia. Magari mengine yalikuwa machache kwa ile shida ya mafuta, kwa hiyo ukilitazama kutoka juu ungeona kigari kimoja tu kinazunguka kama kilichorogwa.

“Mzunguko huu unaufahamu vizuri, fundi,” Dobi alisema. “Hata mashimo unayakwepa bila kuyaangalia.”

“Huwa napita pita.”

Mwishowe mzee akachoka, akaegesha pembeni ya vibanda. Akashuka kwenda kumweleza askari maoni yake juu ya misafara. Dobi naye akashuka kumvuta shati, maana askari alikwisha kutoa kalamu.

Nyuma yao gari likasema: tik.

Vioo vya pembeni vikajikunja. Taa zikawaka mara moja zikazima. Mzee akarudi mbio, akavuta mlango. Haukufunguka. Akatoa simu akaielekeza kwenye gari, na maandishi yakatokea:

“Ruhusa yako ya kutumia gari hili imesitishwa na mmiliki.”

“Mmiliki,” mzee akarudia. “Mmiliki!”

“Fungua, fundi. Gauni limo ndani.”

“Limefungwa kutoka ng’ambo.”

“Huna kadi ya akiba ya kulifungulia?”

“Ninayo.”

“Iko wapi?”

Mzee akanyoosha kidole. Kadi ilikuwa ndani, kwenye droo ya gari, inaonekana vizuri kabisa kupitia kioo.

Simu ya Dobi nayo ikaanza kulia. Mama wa bibi harusi. Dobi akaitazama, hakuipokea. Akauvuta mlango wa nyuma kwa mikono yake iliyozoea chuma cha moto.

Mzee akampigia binti. Kwa kuwa masikio yake yalishachoshwa na nyundo, simu huwa anaiweka spika, na leo aliiweka hivyo hivyo katikati ya soko.

“Fungua gari!”

“Baba, tulia. Usipige kelele. Nimesubiri mpaka uegeshe ndipo nikafunga, usije ukaumia. Kaa hapo kivulini, shangazi anakuja kukuchukua.”

“Kunichukua kunipeleka wapi?”

“Kwa daktari, baba. Si aibu. Hawa wagonjwa wangu wengi walikuwa watu wa maana sana. Niambie, leo siku gani?”

“Jumamosi!” akajibu muuza karanga, aliyekwisha kusogea.

“Nani huyo?”

“Watu wa soko. Mwanangu, kuna gauni la harusi humu ndani.”

“Gauni la harusi.” Sauti ya binti ikaanza kuvunjika. “Harusi ya nani, baba? Mama alishakufa. Unakumbuka mama alikufa?”

Kicheko kilichokuwa kimeanza kwenye vibanda kikakatika. Mzee akaisogeza simu mdomoni.

“Nakumbuka,” alisema. “Hakuna siku nisiyokumbuka. Nakumbuka lile gari limesimama kivulini na mimi nimempakata mama yako, namwambia vumilia, mkubwa yuko njiani na ufunguo. Wewe ukaninunulia hili, ukaniambia sitasubiri tena ufunguo wa mtu. Sasa nitazame. Nimesimama tena nje ya gari. Na leo mkubwa ni wewe.”

Ng’ambo kikasikika kilio kidogo, kile cha mtoto anayeziba mdomo kwa mkono.

“Mimi naogopa, baba. Nimebaki na wewe tu. Nakuona kwenye ramani unazunguka, unazunguka, nikikuuliza unanidanganya. Nifanyeje? Niambie kwa nini unazunguka. Nitafungua. Niambie ukweli tu.”

Mzee akamtazama Dobi. Dobi alikuwa anamtazama yeye. Nyuma ya Dobi soko zima lilikuwa linamtazama, na askari wa barabarani alikuwa ameiweka kalamu sikioni ili asikilize vizuri.

“Natafuta mae…”

“Baba.”

“Haya.” Akavuta pumzi. “Nazunguka ili chaji iishe.”

“Chaji iishe? Ili iweje?”

“Ili nikachaji kwa dobi.”

“Dobi gani? Baba, si una soketi nyumbani?”

“Ninayo.”

“Sasa kwa nini usichajie nyumbani?”

“Nyumbani hakuna dobi!”

Soko likalipuka. Muuza karanga akapiga kigelegele mpaka sinia ikamponyoka. Mtu mmoja akasema, “Mzee kajilipua!” Mwingine akasema, “Kumbe ndimu nayo ina sukari!” Mzee Ndimu akasimama katikati yao, masikio yamemuungua, akisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Angeweza kuapa kwamba wakubwa walikuwa na mkono hata hapo.

Dobi akaichukua simu mkononi mwake.

“Hujambo, mwanangu.”

“Si… sijambo. Shikamoo.”

“Marahaba. Mimi ndiye huyo dobi. Baba yako kichwa chake kizima, mwongo tu.”

“Amekudanganya na wewe?”

“Alidhani. Pale kwenye tundu la kuchomekea waya pana kitaa. Kikiwaka chekundu gari lina njaa, kikiwaka kijani limeshiba. Mimi maisha yangu yote nimeyamaliza nikiangalia vitaa vya pasi. Baba yako anakuja ananiambia gari linakata roho, nachomeka, kitaa kinaniambia ameshiba huyo.”

Mzee akageuka taratibu. “Ulijua?”

“Tangu mara ya pili.”

“Na pasi ulikuwa unaizima?”

“Nilikuwa naizima. Mkono nao unataka kupumzika, na mtu wa kuongea naye sikuwa naye.” Akarudi kwenye simu. “Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe, mwanangu. Lakini huyu angemaliza lami ya mzunguko kwanza.”

Kilio cha ng’ambo kikageuka njiani kikawa kitu kingine, nusu chozi nusu kicheko.

“Shangazi alisema anacheka siku hizi. Ni kwa ajili yako?”

“Anacheka. Na kununa ananuna, usije ukadhani nimefanya miujiza.”

“Anakula?”

“Anakula. Chumvi namkataza.”

Kisha: tik.

Milango ikafunguka yote. Vioo vya pembeni vikajikunjua, na ndani kiyoyozi kikaanza kuvuma taratibu, kimewashwa kutoka mbali.

“Nimewapozea,” binti alisema. “Gauni lisije likanyauka. Baba?”

“Naam.”

“Nisamehe.”

“Nisamehe wewe. Ningekuambia mapema, ila nilidhani utaona nimemsahau mama yako.”

“Endesha gari, baba. Bibi harusi anasubiri.”

Askari alitazama njia ya msafara ambao bado haujafika, akatazama gauni, akatazama uso wa Dobi. Akasukuma kizuizi pembeni kwa mguu.

“Piteni. Mkubwa akija atazunguka.”

Gauni lilifika bibi harusi akiwa amekaa kitandani na gagulo lake, analia wanja ukimtiririka. Saa sita alikuwa amelivaa, na lile gauni halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Jioni mzee alipochomeka waya kwenye soketi ya karakana, bila aibu, ujumbe ukaingia:

“Baba, nimebadilisha usajili. Mmiliki sasa ni wewe, mimi nimebaki msaidizi. Kuna nafasi ya mtu mwingine mmoja. Nitumie namba ya dobi.”

*

Harusi yao ilikuwa ndogo. Ukumbi wa ofisi ya ndoa, viti vya plastiki, vitambaa vyeupe kila kona kwa sababu bi harusi ana vyake. Kochi walilokalia maharusi alilitengeneza bwana harusi mwenyewe, na hotuba hakuitoa.

Jambo moja tu lilipungua. Binti alikuwa ameomba likizo, wakubwa wake wakamwambia wodi haina watu. Kumbe hata ng’ambo wapo. Mzee alipopata habari hizo alisema, “Hao nao watakuwa walisoma shule moja na wa kwetu.”

Mfungishaji ndoa akafika pale pagumu, simu ya shangazi ikiwa hewani ili binti asikilize kutoka ng’ambo.

“Kama yupo mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa.”

Shangazi akakohoa, wote wakamgeukia, akasema ni kikohozi tu.

Hapo ndipo nje, getini, gari likaanza kupiga honi. Likapiga, likapiga, taa zote zinawaka na kuzima, na ndani ya gari hakuna mtu. Mfungishaji ndoa akaweka kalamu chini.

“Hilo ni pingamizi?”

Simu ya Mzee Ndimu ikatetemeka mfukoni. Akaisoma, akampa bi harusi asome kwa sauti.

“Wakubwa wamenikatalia kuja. Hayo si pingamizi, ni vigelegele vyangu. Endeleeni. Hongera baba. Hongera mama.”

Dobi alipofika kwenye lile neno la mwisho akaisogeza simu karibu na macho. Ikabidi arudie kulisoma.

Walipotoka, mzee akamfungulia mlango, ingawa ungefunguka wenyewe. Wakaondoka, kioo kinaonyesha chaji imejaa. Walipokaribia soko Dobi akamgusa mkono.

“Pita mzunguko.”

“Nyumbani ni kulia.”

“Najua nyumbani ni wapi. Pita mzunguko.”

Akazunguka. Muuza karanga alipowaona akaweka sinia chini kabisa ili apunge kwa mikono miwili. Wakazunguka tena, madirisha yote chini, kiyoyozi mpaka mwisho. Ujumbe wa binti ukaingia.

“Baba! Unazunguka tena?”

Dobi akaichukua simu, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole:

“Si yeye. Ni mimi nimemwambia.”